Siku Tano Bila Kikombe

Kila shuka lilipofunuliwa, Inspekta alitazama mkono wa kushoto kabla ya uso. Alikuwa amefanya hivyo mara tatu ndani ya siku nane. Mara zote tatu kidole cha mwisho kilikuwa kizima, naye akashusha pumzi, kisha akaona haya, maana aliyelala pale alikuwa mdogo wa mtu mwingine. Mhudumu wa chumba cha maiti alidhani ni mbinu ya upelelezi, na Inspekta hakumsahihisha.

Mdogo wake mwenyewe, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa alizaliwa wa mwisho, hakuwa na ncha ya kidole hicho tangu alipokuwa na miaka minne. Kilibanwa na mlango, na aliyeubamiza mlango ule kwa hasira alikuwa Inspekta, wakati huo msichana wa miaka kumi. Kitinda akakua, akawa mchora mabango mwenye mkono mzuri, akaingia kwenye unga, akatoweka. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu atoweke. Mara ya mwisho walipoonana, Inspekta alimwambia mbele ya mama yao, "Nikikukuta tena na kete ya unga, pingu nakufunga mimi mwenyewe." Aliyasema hayo kwa uchungu wa dada, lakini alikuwa amevaa sare.

Asubuhi hiyo ya tarehe kumi na saba aliingia kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu unga, akiwa na vitu vitatu mkobani: ripoti ya mkemia, hati ya mahakama na kijitabu chake cha kazi. Marehemu wote watatu walikutwa na kadi ya kliniki hiyo mfukoni. Fundi viatu, tarehe tisa. Msusi, tarehe kumi na tano. Jana, mpaka rangi wa nyumba. Wote walikufa namna moja, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, midomo imegeuka bluu.

Mkuu wake alikuwa na jibu tayari. Alimpigia simu Inspekta akiwa bado getini.

"Dawa ya hao manesi ndiyo inayoua. Alhamisi Bunge linaupigia kura ule mswada wa teja asikamatwe, apelekwe kliniki akabembelezwe. Ripoti naitaka Jumatano. Maiti watatu wanatosha."

"Mkuu, bado sijajua kilichowaua."

"Basi jua upesi," alisema Mkuu, na kukata.

Ukumbi ulikuwa na mabenchi ya kukaa watu sitini. Walikuwepo wanane. Walipomwona Inspekta, japo hakuwa na sare, wawili waliinuka wakatoka kwa mlango wa pembeni, na waliobaki wakaanza kusoma matangazo ya ukutani kwa bidii ambayo hayakuistahili. Mbele kulikuwa na dirisha lenye nondo, na nyuma yake alikaa nesi mnene wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Wagonjwa walimwita Mama Kikombe.

Inspekta alisimama kando akatazama kazi inavyokwenda. Mgonjwa alitaja namba yake. Nesi alibonyeza pampu ya chupa kubwa, dawa ikashuka kwenye kikombe cha plastiki kisichozidi kifuniko cha chupa. Mgonjwa akanywa, akashushia maji, akasimama wima.

"Sema," nesi alimwambia.

"Tarehe kumi na saba."

"Haya, kwaheri. Kesho usichelewe."

"Kwa nini wanataja tarehe?" Inspekta aliuliza, foleni ilipokwisha, nayo ilikwisha haraka mno.

"Wapo wanaoificha dawa mdomoni wakaiteme nje, wamwuzie mwenzao. Mdomo uliojaa hauwezi kusema." Nesi alivua glavu. "Wewe umekuja na hati, si ndiyo? Nimeiona inavyochungulia hapo mkobani. Nakwambia mapema, daftari langu siligawi. Hawa wanaingia humu kwa ahadi yangu. Mle hakuna majina ya kitambulisho, kuna namba na jina la utani ambalo mtu amejichagulia mwenyewe. Hata ukilichukua hutamfunga mtu."

"Sijaja kumfunga mtu. Watu watatu wamekufa, mama."

"Najua. Mmoja wao, yule mpaka rangi, ndiye aliyepaka ukuta unaouegemea."

Inspekta akajitoa ukutani bila kutaka. Aliingia chumba cha dirisha, akaweka ripoti ya mkemia mezani na kuigeuza ili nesi asome. Alikuwa ameisoma mara nne usiku uliopita na haikumpa usingizi. Dawa ya kliniki ilikuwa na nguvu inayotakiwa, si zaidi. Mihuri ya chupa haikuguswa. Na katika damu ya marehemu mlikuwa na unga, wa kawaida tu wa mtaani, lakini methadoni ilionekana kwa alama hafifu, ya siku nyingi.

Nesi alisoma kwa kidole. Alipofika mstari wa mwisho, kidole kilisimama.

"Hafifu," alisema. Alikaa. "Basi hawakufa kwa kuja hapa. Wamekufa kwa kuacha kuja."

"Nifafanulie."

"Mwili husahau, afande. Mtu aliyezoea unga mwingi, ukimkalisha siku kadhaa bila kitu, mwili unasahau kuubeba. Ndiyo maana akikosa kikombe siku tatu, ya nne simpi kipimo chake cha zamani, namwanzishia upya, kidogo kidogo. Lakini unga hauna nesi. Arosto inamkamata, mifupa inauma, anatapika, anakwenda kichochoroni kuchukua kiasi kilekile alichokuwa akitumia mwaka jana. Kilichokuwa kinamtuliza mwaka jana, leo kinamzima."

"Na wote watatu waliacha wiki hizi hizi. Kwa nini?"

"Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kuna watu hapa wamekuja mwaka mzima, mvua, homa, msiba, hawakosi. Ghafla nusu ya ukumbi ikatoweka."

Inspekta alifungua kijitabu chake. Alikuwa na mtu aliyemshuku tangu wiki iliyopita na alimwacha makusudi, ajisahau. "Mwite mlinzi wako."

Mlinzi wa geti aliingia kofia mkononi. Inspekta hakumkaribisha kiti.

"Tarehe kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu nilikuona getini ukiwanong'oneza wagonjwa. Mmoja mmoja. Ukishamnong'oneza, anageuka. Nimeandika hapa, watu kumi na tisa. Uliwapa nini?"

"Sikuwapa kitu, afande."

"Uliwauzia?"

"Wallahi sikuuza! Mimi nina watoto!"

"Basi uliwaambia nini mpaka wakageuka?"

Mlinzi alimtazama nesi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Sema," alisema nesi.

"Niliwaambia gari lipo."

"Gari gani?"

Mlinzi alicheka, kicheko cha mtu anayeogopa kupita kiasi. "Afande, si gari lako."

Inspekta alibaki ameshika kalamu juu ya karatasi. Lile gari alikuwa ameliegesha mwenyewe mkabala na geti, likiwa na king'ora juu, mahali ambapo lingeonekana tangu kona ya barabara. Fundi viatu alikuwa amekufa na kadi mfukoni, na Inspekta alitaka wauzaji wanaozungukazunguka kliniki walione watawanyike. Alijisifu kwa hilo kwenye kikao. Wauzaji walihamia mtaa wa pili siku hiyohiyo na kuendelea na shughuli zao.

"Mama," alisema, "sitaki daftari zima. Nionyeshe mistari ya hawa watatu tu. Wamekufa, hakuna tena cha kuwafichia."

Nesi alifikiri. Kisha alilitoa daftari kabatini, akaweka rula mbili kubana mstari mmoja tu katikati, akalisogeza. Inspekta akakiweka kijitabu chake pembeni, wazi.

Fundi viatu alikuwa na alama za vema mfululizo hadi tarehe mbili. Kuanzia tatu hadi nane, visanduku vitupu.

"Huyu hakumkimbia mtu," nesi alisema. "Huyu mlimchukua nyinyi. Kete moja. Mkamweka mahabusu siku sita, mkamwachia akiwa ameshasahau. Kesho yake akafa."

"Kete ni kosa. Sikuitunga mimi hiyo sheria."

"Wala mimi sikuitunga arosto. Lakini mmoja wetu hapa anaweza kumpa mtu kikombe, mwingine anaweza kumpa sakafu ya saruji. Alhamisi wale wenye suti Bungeni wataamua nani ampokee kwanza."

Inspekta alikumbuka kupita mbele ya mahabusu tarehe tano na kumsikia mtu akigonga kichwa ukutani taratibu. Aliuliza kuna nini, akajibiwa ni teja tu, akaendelea na chai yake.

Nesi alisogeza rula. Msusi, kikombe cha mwisho tarehe kumi. Akasogeza tena. Mpaka rangi, kikombe cha mwisho tarehe kumi. Na kwenye kijitabu, kwa mwandiko safi wa Inspekta mwenyewe: *Tarehe 11, saa kumi na mbili asubuhi. Gari limeegeshwa mkabala na geti.*

Alisoma mstari huo mara mbili, ingawa alikuwa ameuandika yeye. Hofu aliyokuwa akienda nayo chumba cha maiti ilimrudia, na safari hii haikuhitaji shuka.

"Wangapi wengine?" aliuliza. "Walioacha tangu siku ile na hawajarudi. Sitaki majina."

"Wengi wamesharudi, wanakunywa alfajiri na kuondoka upesi, nimewapitia majumbani mwenyewe kwa miguu yangu hii. Wamebaki wanne, hawajarudi mpaka leo. Nimepanga kuwafuata nikifunga dirisha." Nesi alisoma kwa sauti, bila kuinua macho. "Kijiti. Bibi Harusi. Profesa. Na huyu ndiye aliyenivunja moyo, siku mia moja hamsini na mbili hajakosa hata moja. Fundi Saa."

Baba yao alikuwa akitengeneza saa. Alikuwa na meza ndogo chini ya ngazi za jengo la posta, na Kitinda ndiye aliyekuwa akikaa miguuni pake kuokota parafujo zilizodondoka.

"Huyo Fundi Saa," Inspekta alisema, "kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Kina ncha?"

Nesi alilifunga daftari.

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Ni mdogo wangu. Ni Kitinda wetu."

"Kumbe ni wewe," nesi alisema polepole. "Alinisimulia ana dada askari. Alisema akifikisha siku mia mbili ndipo atakwenda nyumbani, asije akamwonyesha mama yake kitu nusunusu." Alivua miwani. "Tarehe kumi na moja gari lako lilikuwepo, na alipita. Aliinamisha kichwa, akashusha kofia, akapita, akanywa. Kwa hofu ile ilibidi nimshikie kikombe. Tarehe kumi na mbili alifika tena mpaka getini."

"Halafu?"

Mlinzi ndiye aliyejibu. "Siku hiyo ulishuka garini, afande. Ulisimama hapa getini unaandika. Alikuona."

Siku mia moja hamsini na mbili. Inspekta alizijua kwa dakika moja tu, pamoja na jinsi zilivyokatika. Tano bila kikombe, na leo ya sita.

"Anaishi wapi?"

"Nyumba za nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nitakupeleka. Lakini gari linabaki."

"Kwa gari ni dakika tatu!"

"Na kwa miguu kumi na mbili. Akilisikia gari lile ataruka ukuta, ataingia mashimo ambayo hata mimi siyajui, na huko ndiko atakakotumia."

"Na kama saa hizi hawezi hata kuruka?"

"Basi dakika tisa zitatugharimu. Siwezi kukudanganya. Chagua wewe, ni wa tumbo moja na wewe."

Inspekta alimtupia mlinzi funguo. Nesi alinyoosha kidole kwenye kiuno cha Inspekta. "Na hizo." Inspekta akazifungua pingu, akaziacha juu ya daftari, wakatoka.

Njia nzima alihesabu dakika. Nesi alikuwa mnene, magoti mabovu, lakini alikwenda mwendo wa mtu anayejua kona zote. Inspekta alitaka kukimbia, ila hakujua njia, ilibidi afuate. Kila aliyekuwa amelala kando ya ukuta, Inspekta alimtazama mkono. Dakika ya saba simu ikaita, Mkuu. Dakika ya tisa ikaita tena. Kwa gari wangekuwa wamefika zamani, aliwaza, na akachukia kila hatua ya yule mama aliyekuwa mbele yake.

Geti la uani lilikuwa na mnyororo. Mama mmoja aliyekuwa akifua alimkazia macho Inspekta, hakunyanyuka. Kisha akamwona nesi.

"Ee, Mama Kikombe! Karibu. Ukija na mtu nisiyemjua napata shaka." Akafungua mnyororo. "Mgonjwa wako yule chumba cha mwisho. Jana alikuwa anatapika. Leo hajatoka. Asubuhi nilimsikia anakoroma kwa nguvu, nikasema afadhali, amepata usingizi."

"Bado anakoroma?"

"Amenyamaza kitambo."

Nesi akaacha kutembea, akakimbia. Inspekta ndiye aliyefika kwanza. Aligonga mara moja, akaita jina. Alirudi nyuma hatua mbili, akaupiga mlango kwa bega. Ukagoma. Akaupiga tena, kitasa kikang'oka ukutani.

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kidevu kifuani. Midomo ilikuwa ya bluu. Safari hii Inspekta hakuhitaji kutazama mkono, lakini aliutazama, na kidole kilikuwa kile.

"Mlaze chali!" nesi alifoka. "Inua kidevu. Anapumua?"

Inspekta aliweka sikio mdomoni. Akangoja. Hakuna. Akangoja. Pumzi moja, ndogo, ya mbali. Akangoja nyingine, haikuja.

"Hapumui. Mama, hapumui."

Nesi alikuwa ameshatoa kichupa mfukoni mwa aproni, dawa ya kumwamsha aliyezidiwa na unga, akaingiza ncha ya kichupa katika pua ya Kitinda na kubonyeza. "Mpulizie wewe, mimi pumzi zimenikwisha. Bana pua. Taratibu. Moja. Hesabu tano. Tena."

Inspekta alipulizia. Alikuwa amefundishwa hilo chuoni, kwenye sanamu la mpira, na alipata alama nzuri. Sasa alisahau hesabu, akaianza upya, akalia huku anapulizia. Dakika mbili zikapita. Tatu. Nesi alitoa kichupa cha pili, akakibonyeza katika pua ileile.

"Hiki ndicho cha mwisho," alisema.

Kifua kilipanda peke yake. Kikashuka. Kikapanda tena, kwa kishindo, Kitinda akakohoa, akageukia ubavu na kutapika kwenye magoti ya dada yake. Rangi ilimrudia kwanza masikioni, kisha mdomoni.

"Asilale," nesi alisema. "Dawa hii huisha mapema kuliko unga. Kwa saa mbili lazima akae mbele ya macho yangu." Alimshika mashavu, akasema kwa sauti ileile ya dirishani, "Sema. Nisikie sauti yako. Leo tarehe ngapi?"

Macho ya Kitinda yalizunguka chumba, yakaona mlango uliong'oka, yakamfikia Inspekta. Yakatanuka. Alijikokota nyuma kwa visigino mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Dada," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Gari lako liko nje?"

"Halipo."

"Liko nje."

"Kitinda, nimekuja kwa miguu. Halipo, nakuapia."

Hakumsikiliza. Alimgeukia nesi. "Mama Kikombe, hebu kaangalie."

Nesi alijua vizuri kwamba halipo. Aliinuka hata hivyo, goti likalia, akatoka uani, akavuka beseni la nguo, akaenda hadi getini. Inspekta alibaki amepiga magoti, amelowa matapishi, mikono juu ya mapaja, hathubutu kumgusa mdogo wake. Simu ilitetemeka mfukoni kwa mara ya tatu. Aliiacha.

Nesi akarudi, anahema.

"Hakuna gari, baba. Nimeangalia mpaka barabarani."

Hapo ndipo Kitinda alipokubali ashikwe mkono.